Makumbusho ya Misheni Bagamoyo, msiishie kwa Livingstone

Jamani mkienda Bagamoyo msiishie magofu ya Kaole na ufukweni tu, ingieni na pale kwenye makumbusho ya Wakatoliki, dereva wa bajaji mwambie tu Misheni atakufikisha. Mi natoa nyota tano kwa moyo wote. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa huku na huku, kivuli mwanzo mwisho, na makumbusho yenyewe yapo kwenye jengo la zamani la masista.

Sasa watu wengi wanakimbilia mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, picha mbili tatu wanaondoka. Ni kweli mwili wake ulilala pale Februari 1874, watumishi wake akina Chuma na Susi wameutoa kwa miguu huko Zambia ya leo, ila yeye hakuwa hata wa misheni hii. Waliojenga ni mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu waliovuka toka Zanzibar 1868 wakaweka kijiji cha watumwa waliokombolewa, na hapo ndo utamu wa sehemu hii ulipo. Mle ndani kuna minyororo ya utumwa, simama uiangalie vizuri, unene wa chuma ule afu fikiria mtu katembea nao toka bara mpaka pwani. Halafu kumbuka waliokombolewa walioana pale Misheni na familia zao ndo zikapelekwa bara kuanzisha vijiji vya Wakristo, Mhonda 1877, Mandera 1881, wakafyeka pori, wakalima, wakasali na wenyeji. Yani tunawataja mapadre tu, wakati kazi kubwa vijijini ilibebwa na hawa!

Na huko kaskazini kabisa ni mapadre hawahawa wa Roho Mtakatifu, 1890 askofu de Courmont, padre Le Roy na padre Gommenginger walifunga safari mpaka Kilimanjaro kwa Wachaga, ikazaliwa misheni ya Kilema. Wapenzi wa kahawa mjue ya Kilimanjaro ilianzia kwenye mashamba ya misheni huko.

Kwenye makaburi ya wamisionari msipite harakaharaka, angalieni umri wao, wengi vijana kabisa, homa iliwamaliza kabla hata ya kufika bara. Mi pale niliomba kidogo.

Nendeni asubuhi jua halijawa kali, na mwongozaji muulizeni habari za Mhonda na Mandera, msisubiri aanze yeye maana wageni wengi wanamuuliza Livingstone tu.