Gikomba kwa Mpanda Mlima: Nguo Chukua, Buti Kagua

Kikundi kinachopanda Mlima Kenya ili kuchangia wodi ya watoto au karo za shule kinapaswa kukubaliana mapema: pesa za wachangaji hazinunui jaketi la mtu. Kila mpandaji ajivishe kwa mfuko wake, na kwa wakazi wengi wa Nairobi mfuko huo unaelekea Gikomba. Soko hili la mitumba linaweza kukuvisha kuanzia kofia hadi soksi, na nguo zenyewe mara nyingi ni bora kuliko unavyotarajia. Shida iko kwenye buti, hasa zile zinazong'aa.

Soli ya kati ya buti nyingi za milimani ni povu la poliurethani. Povu hilo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimelala kabatini. Ndiyo maana buti iliyovaliwa mara chache ng'ambo kisha ikawekwa stoo miaka mingi inaweza kukuangusha kabla ya ile iliyochakaa kwa kutembelewa. Muuzaji atageuza kiatu akuonyeshe meno ya soli ambayo hayajaisha. Wewe tazama ubavuni, kwenye ukanda ulio kati ya ngozi na meno hayo. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: povu zima linarudi lilivyokuwa, lililooza linabaki na shimo, linanata au linamomonyoka. Kisha ikunje buti kwa nguvu mara kadhaa. Ukiona nyufa ndogondogo, irudishe mezani hata bei ikishuka nusu.

Utaambiwa kuna fundi hapo jirani wa kupiga gundi na kushona. Kama soli imebanduka tu, kazi yake inafaa. Povu likishakufa, uzi hauna cha kushika. Litararuka kando ya mshono.

Nenda sokoni na soksi nene utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu hadi vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja cha mkono. Pasipoingia, mteremko wa kutoka kilele cha Lenana utakung'oa kucha. Usiamini namba pekee, kwa sababu 9 ya Uingereza si 9 ya Marekani.

Ukishanunua, zivae Ngong Hills wikendi kadhaa, ukiwa na begi la kilo sita hivi, kupanda na kushuka vilima vyote. Soli ikiachia pale, unarudi mjini kwa matatu. Ikiachia juu ya mita 4,000, mwongozaji mmoja analazimika kushuka na wewe, na kikundi kinabaki na pengo.

Nguo ni furaha tupu. Sweta za flisi zimejaa, na zinatosha mbili: nyembamba ya kutembea na nzito ya kambini. Fulana ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba hushika jasho na kukugandisha ukisimama. Hilo utalihisi usiku wa kilele, pale watu wanapotoka kambi ya Shipton's, mita 4,200, saa tisa usiku ili wafike Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Kwa usiku huo tafuta jaketi la manyoya ya bata. Likande kiganjani kisha uliachie: zuri linafura lenyewe. Lilielekeze kwenye mwanga uone kama manyoya yamejikusanya pembeni na kuacha sehemu tupu. Ukilifua, likaushe kwa siku kadhaa huku ukivunja mabonge kwa mkono, la sivyo litanuka uvundo.

Koti la mvua ligeuze ndani nje. Utepe unaofunika mishono ukiwa unabanduka, au kitambaa kikitoa magamba meupe, halina maisha. Mwaga maji kidogo kwenye mkunjo na usubiri dakika tano. Wauzaji wengine watakunja uso, lakini afadhali uso wao kuliko mgongo wako. Maji yakilowesha nje tu, dawa ya kupulizia inarudisha kinga. Yakipenya, achana nalo.

Fika asubuhi na mapema, mitumba inapofunguliwa, maana vitu vya daraja la kwanza havikawii mezani. Begi livae kifuani, na usiende baada ya mvua kubwa kama huna gambuti. Anayepanda Agosti anunue jaketi Februari. Ikifika Julai, Nairobi nzima inatetemeka na kila mtu analitafuta hilohilo.

Mfuko wa kulalia kodisha kwenye duka la vifaa vya safari. Inayopatikana mitumbani mara nyingi ni myepesi ya kiangazi, na lebo huwa na vipimo viwili: fuata kile cha kulala kwa starehe, kiwe nyuzi 5 chini ya sifuri au baridi zaidi, usifuate kile cha mwisho cha kuvumilia.

Na mnapokusanya ahadi, msizifunge na kufika kileleni. Mtu anayejua kwamba kila mita ina bei ataficha maumivu ya kichwa pale anapotakiwa kuteremka mara moja.

Tochi ya kichwani nunua mpya, pamoja na betri za akiba, na usiku wa kilele betri zilaze ndani ya mfuko wa kulalia, baridi huzinyong'onyeza.