TAHADHARI: Anayeuza "Ozempic" kwenye magrupu ya Kampala anauza insulini, msiguse!!

Jamani naomba msome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, na mwenye mzazi mgonjwa wa sukari amtumie sasa hivi. Kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp, ya akina mama, ya wagonjwa wa sukari, mpaka lile letu la ukoo kuna mtu alimwingiza, anauza kalamu za sindano anasema ni Ozempic, ile dawa ya kisukari inayopunguza na uzito, original kutoka Ulaya. Si Ozempic. Ni insulini iliyobandikwa stika nyingine juu. Mama alikuwa anatutoka mikononi kwa sababu ya huyu mtu na hadi saa hii ninapoandika hasira haijanishuka.

Mama ana kisukari, hali yake mnaijua, sirudii. Na mnajua tulivyohangaika na ule uzito, matoke tumepunguza, posho (ugali) tumeacha, anatembea asubuhi mpaka steji na kurudi na bado mzani hausogei. Dawa hii tuliisikia kwanza kwa watu wanaojua. Famasi nilizouliza waliniambia hawana, na habari kwamba imeadimika dunia nzima tangu 2022 ilikuwa kila mahali, kwa hiyo mtu akisema anayo na ameileta mwenyewe kwa ndege wala haishangazi. Wanaonipigia kuniuliza "kwani hamkwenda famasi" jibu ndilo hilo, tulikwenda.

Tulikutana naye Ntinda, mchana kweupe. Amevaa koti jeupe, kitambulisho shingoni, mkononi kabeba boksi la barafu dogo kama lile la wachanjaji. Akanisalimia vizuri, "nyabo, mama anaendeleaje," kabla hata ya habari ya pesa. Halafu akauliza HbA1c ya mama, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ni ngapi. Nikamwambia asilimia 9.4. Akanyamaza kidogo, akauliza figo zikoje, akauliza kama alishawahi kuugua kongosho, akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo alipata kansa ya tezi la shingoni. Sasa niambieni, tapeli gani anauliza kansa ya tezi? Nimekuja kusoma baadaye, hayo ndiyo maswali daktari wa kweli anauliza kabla ya kuandika dawa hii. Kayasoma mahali akayakariri, shetani yule.

Na alivyokuwa anaongea! Akanieleza kwamba mwili wenyewe hutengeneza homoni inaitwa GLP-1, inatoka kwenye utumbo ukishakula, inaiambia kongosho itoe insulini na inauambia ubongo umeshiba, ila ile ya mwilini inakufa kwa dakika chache tu, ndiyo maana wazungu wakatengeneza semaglutaidi, ndiyo dawa yenyewe iliyo ndani ya Ozempic, inayokaa wiki nzima. Akanisimulia habari ya mjusi wa jangwani huko Marekani, Gila monster, kwamba daktari mmoja John Eng alikuta kwenye sumu ya huyo mjusi kitu kinachofanana na hiyo homoni, na dawa ya kwanza ya aina hii ikaruhusiwa 2005. Nilidhani hapo atakuwa ananidanganya, nikaenda kuangalia, ni kweli! Yote ni kweli! Akanionyesha kwenye simu utafiti wa 2021, watu karibu 2,000, wiki 68, wakapungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito. Kweli vilevile. Yaani sayansi aliyonimwagia hapo haina kosa, kosa liko kwenye kalamu aliyoishika mkononi, na hivyo ndivyo anavyowapata watu wasomi, usidhani anapata wajinga tu.

Kitu alichoficha ni kwamba wale wa asilimia 14.9 hawakuwa na kisukari, na dozi yao ilikuwa miligramu 2.4 kwa wiki, wamepandishiwa pole pole kwa miezi. Wenye kisukari aina ya pili kwenye utafiti wa kwao walipungua asilimia 9.6. Na aliniambia Mama atumie miezi mitatu tu kisha mwili "utashika wenyewe". Uongo. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza.

Sasa ile kalamu. Akafungua boksi, ubaridi ukatoka, akaitoa, boksi la karatasi zuri kabisa, jina limeandikwa sawasawa. Nikamuuliza nitajuaje dozi maana nilisoma mtu anaanza na miligramu 0.25. Sikilizeni hapa. Akasema, "Nyabo, hii ni ya soko la Ulaya, dirisha lake halionyeshi nukta, 0.25 utaiona kama 25." Akaizungusha mbele yangu, tik tik tik tik, namba zikapita 2, 4, 6, zikapanda mpaka kile kistari katikati ya 24 na 26, akasema hapo hapo. Akairudisha sifuri akanikabidhi kwa mikono miwili. Laki nne na nusu nikamtumia kwa simu, jina lililotokea likawa la mwanamke, akasema ni akaunti ya ofisi.

Asubuhi yake nikamdunga Mama tumboni kama alivyoelekeza, kabla ya chai, maana alisema ikiingia tumbo likiwa tupu inafanya kazi vizuri. Haikufika saa nzima. Kwanza jasho, leso yote imelowa na nje kuna baridi ya mvua. Mikono ikaanza kutetemeka kikombe kinagonga kisahani. Nikamuuliza Mama vipi, akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Banange. Akarudia tena, ananitazama usoni ananiita jina la mtu aliyezikwa, ulimi mzito. Nikapiga kelele, Sista jirani akaja na mashine ya sukari, akamtoboa kidole: 1.9. Mtu chini ya 3.9 tayari sukari yake iko chini, chini ya 3.0 ni hatari, yeye 1.9. Sista akasema bado anameza, leteni maji ya sukari haraka, tukamnywesha kidogo kidogo, na akatuonya akizimia msimtilie kitu mdomoni atapaliwa. Njiani kwenye teksi ya spesho akalegea kabisa. Hospitali wakamwekea dripu ya sukari, inapanda, inashuka tena, wakamlaza. Alhamdulillahi amerudi, anaongea, anajua majina yetu.

Daktari aliomba kalamu. Nilikuwa nimeibeba kwenye mkoba, mwenyewe sijui nilijuaje kuibeba. Akaigeuza chini ya taa, akapitisha ukucha pembeni ya stika, ikainuka, akaivuta taratibu. Chini yake stika nyingine. Insulini ya haraka, yuniti 100 kwa mililita. Ile "0.25" ni yuniti 25 za insulini, kwa mtu ambaye hajawahi kudungwa insulini maishani na hajala kitu.

Daktari akanieleza na mimi nawaeleza. Semaglutaidi ya kweli inasukuma kongosho itoe insulini pale sukari inapokuwa juu, ikishuka inaacha kusukuma, kwa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Insulini ya kudunga haisubiri, ikiingia inashusha tu, iwe umekula hujala. Na si Mama peke yake duniani. Austria Oktoba 2023 watu walilazwa sukari imeanguka baada ya kudunga Ozempic feki, wakashuku ndani ni insulini. Mwezi huohuo zilikamatwa feki Brazil na Uingereza, Desemba Marekani, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari dunia nzima. Bechi mojawapo namba yake ilikuwa ya kweli kabisa ya kiwandani ila dawa ndani feki! Kwa hiyo wale mnaoniambia "ungeangalia namba", namba nayo wanaiba.

Dalili, kwa haraka: kalamu ya Ozempic dirisha lake linaonyesha miligramu, 0.25 au 0.5 au 1, haihesabu 2, 4, 6 kwenda juu. Ukizungusha, kitufe chake cha nyuma hakitokezi nje, hii ya tapeli kilikuwa kinarefuka. Kwaruza pembe ya stika. Na yeyote anayesema kutana nami kwenye maegesho mwacheni hapo hapo, dawa ya kukaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 haitembezwi kwenye gari kama samaki. Famasi yenye leseni, karatasi ya daktari, risiti. NDA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Dawa, wana rejesta ya dawa, uliza.

Jina lake sitaji, polisi wamesema nisubiri, lakini wallahi siku wakiruhusu nalibandika kila ukuta wa mji huu. Tangu ile 1993 nchi ina sheria ya dawa na mamlaka yake, sasa huyu anatembeaje na boksi la sumu mchana Ntinda? Afungwe Luzira, na asifungwe kama mwizi wa kuku, ashtakiwe kujaribu kuua. Insulini ile aliiiba wapi? Kuna mtoto mahali fulani anaihitaji aishi, hana, na huyu anaibandika stika kuua mama za watu. Na aliyempa lile boksi la karatasi naye atafutwe, na yule mwanamke wa akaunti, wote, hata wakitoa dhamana tutakwenda kukaa mahakamani kila wanapoitwa. Laki nne na nusu sizitaki, abaki nazo, namtaka yeye.

Kama umenunua kwake, usidunge, usitupe. Irudishe kwenye boksi lake, ipige picha, weka na meseji za malipo, peleka NDA. Kama mzazi wako ameshadunga na anatoka jasho au anaongea maneno yasiyoeleweka, sukari kwanza kama anameza, halafu hospitali na kalamu mkononi, daktari aione. Na mniandikie. Tayari wawili wamejitokeza, mmoja wa Kawempe mmoja wa Bombo, koti lilelile, maswali yaleyale, mpaka ile hadithi ya mjusi. Tukiwa wengi hawezi kusema ni bahati mbaya, na faili la mtu mmoja mnajua linavyolala mezani. Mwenye picha yake, namba ya gari, sauti aliyowatumia, chochote, nitumieni hata usiku wa manane.