Darubini ya 8x42 kwa watazama ndege wenye bajeti ndogo: uzoefu wangu Arabuko-Sokoke na Mida

Darubini yangu ya kwanza niliinunua Mombasa kwa shilingi 2,800, na niliichagua kwa sababu moja tu: ilikuwa imeandikwa 30x60. Niliamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba inayovuta zaidi ndiyo bora zaidi. Ilitosha katika mfuko wa koti, lenzi zake zilimeta wekundu kama vito, na muuzaji aliniambia kwamba wekundu huo ndio alama ya ubora. Jumamosi iliyofuata nilishinda nayo asubuhi nzima katika msitu wa Arabuko-Sokoke, nikarudi nyumbani Malindi na maumivu ya kichwa, bila kumtambua ndege hata mmoja ambaye nisingemtambua kwa macho matupu.

Siku hiyo jioni nilichukua rula. Katika maandishi kama 8x42, namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinavutwa karibu, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi ya darubini yangu ya "60" ilikuwa na milimita 22. Na kama namba ya pili ilikuwa ya uongo, sikuwa na sababu ya kuiamini ya kwanza. Wekundu ule nao una gharama yake: lenzi inayorudisha nje mwanga mwekundu haiufikishi machoni, ndiyo maana kila ndege niliyemwona alikuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Tangu hapo nikimsindikiza mtu kununua darubini hubeba rula, na wauzaji hawanipendi.

Kabla ya kununua ya pili nilijiuliza nitaitumia wapi hasa. Mimi hutazama ndege katika sehemu mbili zilizo karibu sana lakini zisizofanana. Ya kwanza ni msitu wenyewe, hasa sehemu ya miti ya mirihi, ambako mnana wa Clarke na chozi wa Amani hukaa juu kabisa ya miti na hawatulii tawi moja kwa zaidi ya sekunde chache. Ya pili ni hori la Mida, uwanja wa tope na mikoko, ambako mwanga ni mwingi kupita kiasi na ndege wako mbali. Msituni unahitaji mwanga na upana wa kuona. Horini unahitaji kuvuta. Darubini ya bei nafuu haiwezi kukupa yote kwa ukamilifu, na nilipolazimika kuchagua nilichagua msitu.

Hesabu iliyonisaidia ni rahisi. Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwale wa mwanga unaoingia jichoni. Darubini ya 8x42 inatoa milimita 5.25, ilhali ya 10x25, ambayo watalii wengi huibeba kwa sababu ni ndogo, inatoa milimita 2.5. Juani Mida hutaona tofauti kubwa, kwa kuwa mboni ya jicho imejifinya. Chini ya miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi mboni imepanuka, na hapo 10x25 hukuonyesha kivuli cha ndege, si ndege. Isitoshe, kila darubini inavyovuta zaidi ndivyo inavyokuza pia mtetemo wa mikono, na mikono yangu si ya daktari wa upasuaji.

Niliishia kwenye Celestron Nature DX 8x42, ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Dubai. Kwa hesabu yangu ilinigharimu kama shilingi 21,000. Mwili wake ni wa plastiki ngumu iliyofunikwa mpira, uzito unazidi kidogo gramu 600, prizimu zake, yaani vipande vya kioo vya ndani vinavyosimamisha picha wima, ni za BaK-4, kioo cha daraja la juu, na ndani imejazwa naitrojeni ili ukungu usijifanye katika vioo. Hilo la mwisho ndilo lililonishawishi kuongeza fedha, kwa sababu katika unyevu wa pwani kuvu huota ndani ya lenzi na hakuna fundi jirani wa kuisafisha. Navaa miwani, na vikombe vyake vya macho vikizungushwa hadi chini naona duara lote bila kuivua. Hata hivyo mwenye miwani ajaribu mwenyewe kwanza, kwa kuwa miwani hazilingani.

Asubuhi ya kwanza msituni kiongozi wetu alitupeleka kwa bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa kama sentimita 16 anayelala mchana ndani ya kichaka kizito. Kwa macho nilichoona ni jani kavu. Kwa darubini niliona michirizi ya manyoya na jicho moja lililofunguka nusu, kisha likafungwa tena. Nilisimama pale hadi kiongozi akanigusa bega.

Mida ilinipa picha nyingine. Kuanzia Agosti hori hupokea wale ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wanaotoka kuzaa kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni na Ghuba. Kundi likiwa umbali wa mita 100 niliona mpaka miguu ya kaa ikining'inia mdomoni. Maji yalipokupwa na kundi kusogea mbali zaidi, niliweza kuwahesabu, lakini vile vidogo vya kijivu vinavyokimbia topeni vilibaki vya kijivu tu. Kwa kazi hiyo wenzangu hutumia darubini kubwa ya jicho moja yenye miguu mitatu, nami huomba zamu.

Kwa bei hii usitarajie vioo vya ED, yaani vile vinavyopunguza kingo za rangi kwenye picha. Ndege mweusi akiwa mbele ya anga jeupe utaona uzi mwembamba wa zambarau pembeni mwake, na ukingoni mwa duara picha hulegea. Ndege nawaweka katikati, kwa hiyo hilo halinisumbui. Mkanda wa shingoni ni suala jingine: baada ya saa tatu gramu 600 huwa kilo mbili, nikabadilisha nikafunga wa mabegani.

Jambo moja lilinichukua miezi miwili kuligundua, nalo si kosa la darubini. Kioo cha jicho la kulia kina pete yake ya kurekebisha. Fumba la kulia, nyoosha picha kwa gurudumu la katikati. Kisha fumba la kushoto na uzungushe pete mpaka picha itulie. Kabla ya hapo nilidhani macho yangu yanazeeka.

Asiyekuwa na shilingi 21,000 atafute 8x32 au 8x42 iliyotumika, aishike mbali na uso akiielekeza angani mchana, lakini kamwe si juani, na atazame vile viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya macho. Vikiwa mviringo kamili ni dalili njema. Vikiwa na kingo za kijivu kama pembe za mraba, prizimu ni za daraja la chini, na bei ishuke. Ile 30x60 yangu ipo bado. Nikiigeuza nyuma mbele na kuisogeza karibu na jani, inaonyesha sisimizi vizuri sana.