Methodi ya stetiki au ya objekti?

Kwenye lugha ya programu ya Java, methodi ni kipande cha msimbo chenye jina, kinachofanya kazi fulani. Ya stetiki kama Math.sqrt(16), ya kutafuta kipeuo cha pili, huitwa kwa jina la klasi (hapa Math) tu na kukupa 4.0, haihitaji objekti yoyote, yaani kitu kilichoundwa kutokana na klasi. Lakini length(), ya kuhesabu herufi, ni ya objekti, lazima iwe na mwenyewe: "Pwani".length() ni 5, "Bara".length() ni 4.

Panapochanganya wengi ni kwenye urithi, klasi mtoto inapochukua methodi za klasi mama. Methodi ya objekti huchaguliwa programu inapoendeshwa, kwa kufuata objekti halisi, hata kama kibadilika kimetangazwa kwa klasi mama. Ya stetiki huamuliwa mapema na kompaila (programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa), kwa aina iliyotangazwa. Ndiyo maana ukiiita kupitia kibadilika chenye null (kisichoelekeza kwenye objekti yoyote) inafanya kazi bila kelele (kiroja, ila jaribu mwenyewe), ilhali ya objekti hukutupia kosa la NullPointerException. Mimi stetiki naiachia mahesabu matupu.