Diski za matundu nilizouziwa, na maneno niliyotupiwa nilipozirudisha

"Kama huwezi kuendesha, uza hiyo Subaru ununue Probox."

Maneno hayo niliambiwa mbele ya wateja sita au saba, nimeshika mkononi diski ya breki yenye ufa unaoingia ukucha. Zimepita wiki tatu, labda nne, na bado nikisimama kwenye taa nyekundu nayasikia. Kwa hiyo haya ni maoni yangu juu ya diski za matundu na pedi "za mashindano", zile zinazoibana diski ukikanyaga breki, nilizouziwa, na juu ya aliyeniuzia. Ukiona nimemsema mtu kuliko chuma, ujue ndivyo ilivyoniuma.

Gari ni Impreza WRX. Siku za kazi linanitoa Kitengela kunipeleka mjini, na mara mojamoja wikendi nalipeleka uwanja wa mbio za magari wa Whistling Woods, kule Stoni Athi, siku za kukimbizana na saa. Nilimweleza muuzaji hayo yote, polepole, bila kuficha. Nikamwambia nataka breki itakayonishikia asubuhi Mlolongo matatu inaponichomekea, na inishikie pia pale uwanjani nikija kwa kasi kwenye kona. Hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza nazunguka mara ngapi bila kupumzika, wala mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Aliinama chini ya kaunta akatoa boksi.

"Boss, beba hizi. Haya matundu yanapitisha hewa, breki haishiki moto. Wale wa Safari Rally ndio wanafunga hizi."

Nilikuwa na mashaka na hayo ya Safari, maana magari yale yanakimbia kwenye vumbi na mawe, na tundu la diski ni kikombe kizuri cha kokoto. Lakini diski zilikuwa zinang'aa, nami pesa nilikuwa nimebeba. Nikamuuliza kama nimwage mafuta ya breki niweke mapya. "Hiyo achana nayo, iko sawa tu." Nikamuuliza kama pedi zinahitaji kuzoeshwa kwanza kabla ya kukimbizwa. "Funga uende." Hayo maneno mawili naomba uyaweke akilini, nitayarudia.

Mizunguko mitatu ya kwanza nilifurahi sana, sitaficha. Gari lilikuwa linasimama kama limetia nanga. Wa nne nikasikia harufu, ile ya klachi ya lori linalopanda mlima. Wa tano breki ikaanza kunidai nguvu zaidi, nikikanyaga sana napata kidogo. Wa sita, kwenye kona ya mwisho baada ya sehemu ndefu iliyonyooka, nikakanyaga na pedeli ikashuka taratibu hadi chini, laini, kama mguu unaozama kwenye tope. Hakuna kitu. Nikapampu mara mbili, mara tatu. Nikarudisha gia kwa nguvu, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo gari lisizunguke, nikatoka kwenye lami na kwenda kusimama kwenye vumbi, magurudumu ya mbele yakitoa moshi mweupe. Sikuumia, wala sikumgusa mtu. Nilizima gari nikakaa ndani muda mrefu kioo kikiwa kimefungwa, nikimfikiria mke wangu. Gari hilohilo ndilo humpeleka mtoto wetu shule Jumatatu.

Fundi wangu ni mzee wa gereji ndogo ya Kariobangi, mtu asiyekuwa na haraka. Alifungua gurudumu, hakusema neno, akaniita kwa kidole. "Kijana wangu, njoo uone."

Uso wa diski ulikuwa umegeuka rangi ya buluu na zambarau, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Kutoka tundu moja hadi jingine kulikuwa na nyufa nyembamba, nyingine fupi kama kope la jicho, moja ndefu iliyounganisha matundu mawili na kukaribia ukingo. Mzee akanishika mkono, akapitisha ukucha wangu juu yake. Ukanasa. Pedi zenyewe zilikuwa ziking'aa usoni kama kigae, na pembeni zimegeuka kijivu, ukizigusa zinapukutika kama mkate uliokaa juani. Akageuza pedi kutafuta zile herufi mbili ambazo huchapwa ukingoni au mgongoni kuonyesha zinashika kiasi gani zikiwa baridi na zikiwa moto, EE, FF, GG na kadhalika. Hakuna. Akatafuta kwenye diski ule unene wa mwisho, ambao diski ikilika hadi hapo hutupwa, na ambao viwanda vingi huuandika kwenye chuma chenyewe. Hakuna. Boksi lilikuwa na picha ya gari la mashindano, basi.

Kisha akanieleza jambo ambalo muuzaji angeweza kunieleza kwa dakika moja pale kaunta. Breki haisimamishi gari kwa miujiza. Inageuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima libebwe na chuma kabla hewa haijalichukua. Mwendo nao hauhesabiwi mojamoja, unazidishwa kwa wenyewe. Kutoka kilomita 140 kwa saa kushuka hadi 60, kama tunavyofanya uwanjani, kunazaa joto mara mbili na nusu ya kutoka 80 hadi kusimama kabisa, kama tunavyofanya barabarani. Tena uwanjani unarudia kila baada ya sekunde chache, diski haijapoa. Sasa chukua diski uitoboe matundu mengi. Umepunguza chuma, na chuma ndicho kinachobeba mzigo. Zamani matundu yalikuwa na kazi, kutoa gesi iliyotoka kwenye pedi za wakati ule zikiungua. Pedi za leo hazitoi gesi ya kiasi hicho. Kilichobaki kwenye diski ya bei yangu ni urembo, na kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia.

Nilirudi dukani nikiwa na diski kwenye gunia. Nilisalimia vizuri. Nikamwita kaka. Nikamwonyesha ufa, nikamwambia sitaki ugomvi, nataka tuzungumze. Hakuushika hata kidogo.

"Mbona Porsche ziko na matundu?"

Nikamwambia nilivyoambiwa na mzee, kwamba zile ni diski kubwa zilizoundwa kwa hesabu ya gari lile, na hata zenyewe hukaguliwa nyufa na kutupwa. Akacheka. Akawageukia wateja wengine, kana kwamba mimi ni kipindi cha televisheni. Ndipo akasema hayo ya Probox. Nilipomkumbusha kwamba nilimwambia mapema nitaliendesha uwanjani, akagonga kibao cha ukutani kwa kalamu, kile cha mali ikiuzwa hairudishwi, akamhudumia mtu aliyekuwa nyuma yangu. Kijana mmoja wa pale, nadhani mfanyakazi, aliangalia chini. Huyo ndiye pekee aliyeona aibu.

Naandika haya nikijaribu kuwa mwadilifu, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Pedeli kuzama hadi chini hakukuletwa na diski wala pedi. Pedi ikizidiwa na joto, pedeli hubaki ngumu ila gari halisimami. Ndicho kilichonipata mzunguko wa tano. Ya kuzama ni mafuta yaliyochemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya digrii 230, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155 hivi, na yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Yangu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Hilo lilikuwa jukumu langu, gari ni langu.

Na pedi zile mjini zilinisaidia, sitazinyima haki yao. Asubuhi moja ya mvua, kabla ya siku ya uwanja, boda alinikata ghafla pale Mlolongo akiwa amebeba mama na mtoto mgongoni. Nilikanyaga na gari likasimama palepale, baridi hivyohivyo, bila kusubiri kupashwa. Pedi halisi za mashindano hazingenifanyia hivyo, maana zikiwa baridi zinateleza tu hadi zipate moto. Kwa hiyo nilikuwa karibu kuandika kwamba pedi ni nzuri kwa barabara, mbaya kwa uwanja, na diski za matundu ni za kupendezesha tu, asiyekwenda uwanjani anaweza kuzifunga akitaka.

Lakini hapana. Nimeisoma sentensi hiyo na sikubaliani nayo. Mafuta ya breki nilimuuliza! Nilimuuliza kwa mdomo wangu, akasema achana nayo. Kuzoesha pedi nilimuuliza, akasema funga uende. Mtu anayeuza breki si sawa na mtu anayeuza vifuniko vya usukani. Na wewe unayesoma huku ukisema huendi uwanjani, siku moja utashuka Mai Mahiu Jumapili jioni umebeba familia, lori mbele, lori nyuma, na lile kanisa dogo walilojenga wafungwa wa Kitaliano liko chini kabisa huko. Mteremko ule hauulizi kama wewe ni mtu wa mashindano. Diski isiyoandikwa unene wala pedi isiyo na herufi usifunge, hata ukipewa bure.

Nilichofunga sasa hakipendezi macho. Diski za kawaida, uso mzima, hazina tundu hata moja, na ukizishika tu mkononi unajua ni nzito kuliko zile. Bei ilikuwa chini, na hilo nalo liliniudhi upya. Pedi ni za kati, zenye herufi zake ukingoni, za mtu anayetoka barabarani kwenda uwanjani na kurudi nyumbani na gari lilelile. Mafuta mzee aliyamwaga yote, akapampu hadi yale meusi yakaisha. Kisha alfajiri moja barabara ikiwa tupu, akakaa kando yangu akaniamuru nizizoeshe. Kimbia hadi 80, kanyaga kwa nguvu hadi 20, usisimame, kimbia tena, mara kumi. Harufu ikatoka. "Sasa endesha tu, breki usiiguse mpaka ipoe." Akasema ukisimama na kubana pedi ikiwa moto inaacha alama yake kwenye diski, halafu unaanza kusikia usukani ukitetemeka na watu wanakuambia diski imepinda, kumbe ni uchafu wa pedi uliogandia sehemu moja.

Nimerudi Stoni Athi. Mizunguko mitano, mmoja wa kupoza, mitano tena. Pedeli ilibaki juu, ngumu, ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye ile kona ya mwisho nilipiga kelele ndani ya helmeti peke yangu. Asubuhi zinalia kidogo nikitoka getini, na rimu zinajaa vumbi jeusi kila wiki. Navumilia, ingawa mke wangu hapendi ile kelele.

Ile diski yenye ufa bado iko kwenye buti, kwenye gunia lake. Mzee anasema niitupe kwa wauza chuma chakavu. Sitaitupa bado. Jumamosi nikipita mjini nitaingia pale dukani tena, sitadai pesa, sitapandisha sauti. Nataka tu aweke ukucha wake pale.