Uzoefu Wangu: Adapta ya VGA kwenda HDMI na Picha Zilizotanuka kwenye Televisheni Pana

Kompyuta yetu ya mezani ni ya zamani, na tundu lake la pekee la kutolea picha ni VGA, mtindo ambao IBM iliuanzisha mwaka wa 1987. Televisheni iliyopo sebuleni, ya inchi 43, haina tundu hilo kabisa, ila HDMI, tundu la kisasa la dijitali linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja. Nilinunua adapta ya kuunganisha viwili hivi katika duka moja la vifaa vya elektroniki karibu na Barabara ya Digo, hapa Mombasa, kwa bei isiyofika shilingi elfu moja, ili jamaa wakija nyumbani tutazame picha za harusi na zile za wazee kwa pamoja, badala ya kusongamana mbele ya skrini ndogo.

Picha zilitokea papo hapo, lakini zote zilikuwa zimetanuka. Mamangu alipomwona bibi harusi aliuliza, “Mbona mmemnenepesha mwanangu?” Katika picha tulizopiga mbele ya Fort Jesus, kuta ndefu za ngome zilionekana fupi na nzito, na sinia la biriani lilikuwa limelala kama yai.

Nimesoma malalamiko ya wanunuzi wengi wanaoilaumu adapta kwa kasoro hii, nami naona wanaionea. Kazi ya adapta ni kupokea mawimbi ya analojia ya VGA na kuyageuza kuwa ya dijitali. Umbo la picha inalipokea jinsi lilivyo na kulipitisha jinsi lilivyo. Kompyuta yangu ilikuwa ikitoa picha ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1024 kwa 768, yenye uwiano wa 4:3, yaani sehemu nne za upana kwa tatu za kimo, ambao ndio uliokuwa wa kawaida kwenye skrini za zamani, ilhali televisheni ni ya pikseli 1920 kwa 1080, yaani 16:9. Televisheni ilipoletewa picha nyembamba iliivuta hadi ijaze kioo chote, na matokeo yake kila kitu kikaongezeka upana kwa thuluthi moja kikilinganishwa na urefu wake.

Anayetaka kuhakikisha bila kubahatisha afungue programu ya Paint, achore duara huku ameshikilia kitufe cha Shift, kisha alipime kwenye kioo kwa futi ya fundi cherehani. Duara langu lilikuwa na sentimita 30 kwenda juu na sentimita 40 kwenda kando. Kipimo hiki ni bora kuliko kutazama nyuso za watu, kwa sababu jicho huzoea upesi, na baada ya muda mfupi mtu huanza kuamini kwamba ndugu zake ndivyo walivyo.

Fundi mmoja alinishauri nizibane picha zote kwa programu ya kuhariri, nikipunguza upana wake hadi asilimia 75, ili zikivutwa na televisheni zirudi katika umbo lake. Ushauri huo naupinga vikali. Ni kweli kwamba zingeonekana sawa kwenye televisheni hiyo siku hiyo, lakini zingekuwa zimeharibika kwenye simu, kwenye karatasi zikichapishwa, na hata kwenye televisheni hiyo hiyo siku ambayo kompyuta ingerekebishwa. Faili za picha hazikuwa na ila yoyote, hazifai kuguswa.

Marekebisho yanayofaa huanzia kwenye kompyuta. Kwa mbofyo wa kulia kwenye eneo tupu la skrini nilifungua “Display settings”, nikakuta orodha ya vipimo inakomea 1024 kwa 768, na kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotoa picha, imeandikwa “Microsoft Basic Display Adapter”. Jina hilo maana yake ni kwamba Windows inatumia draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya msingi tu, kwa kuwa ile halisi ya kadi haijawekwa. Nilipakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, nikaiweka, na baada ya kuwasha kompyuta upya kipimo cha 1920 kwa 1080 kikajitokeza. Nilipokichagua na kulipima duara tena, upana na urefu vilikuwa sawa. Kuna sharti moja ambalo karatasi ya maelezo ya adapta haikulitaja: televisheni iwashwe kwanza, ndipo kompyuta ifuate, kwa sababu kompyuta huiuliza skrini vipimo inavyovikubali, na isipopata jibu huweza kurudi kwenye vipimo vya chini.

Televisheni nayo ilikuwa na lake. Kingo za picha zilikuwa zimekatwa pande zote, hata saa iliyo pembeni mwa skrini haikusomeka vizuri. Hii ni desturi iliyorithiwa kutoka enzi za televisheni za kichogo, ambazo zilikuza picha kidogo ili kasoro za kingoni zifichike nyuma ya fremu. Dawa yake imo kwenye rimoti, katika sehemu ya ukubwa wa picha: LG huiita “Just Scan”, na Samsung “Screen Fit”. Njia ya “Zoom” iachwe kabisa, maana picha ya 4:3 ikikuzwa hadi ijaze kioo hupoteza robo ya kimo chake, na katika picha ya pamoja ya harusi robo hiyo ni vichwa vya waliosimama nyuma na miguu ya waliokaa mbele.

Kutakuwa na mistari myeusi kushoto na kulia, na hiyo si kasoro. Picha ya simu yenye uwiano wa 4:3 hutumia pikseli 1440 tu za upana kwenye kioo hicho, na ya kamera yenye 3:2 hutumia 1620. Shangazi yangu bado anaona tunapoteza kioo tulichokilipia, na sijafaulu kumshawishi.

Kuhusu adapta yenyewe, nimeridhika kwa kiasi. Maandishi madogo yana ukungu kidogo, jambo ambalo halisumbui kwenye picha. VGA haibebi sauti, hivyo chagua adapta yenye waya wa kuingiza sauti na waya wa USB wa kuipa umeme. Hupata joto ikitumika kwa muda mrefu. Mwenye kompyuta iliyo na tundu la HDMI hana haja nayo. Anunue kebo ya kawaida tu.

Wapo watakaosema picha zitiwe kwenye flashi na kuchomekwa moja kwa moja kwenye televisheni. Kwa picha za JPEG njia hiyo inafaa, na umbo halipotoki, ingawa yangu huzilaza ubavu baadhi ya picha zilizopigwa simu ikiwa wima. Picha zetu za wazee, hata hivyo, tulizipiga skani na kuzihifadhi katika muundo wa TIFF, ambao televisheni yetu haiufungui, kwa hiyo kompyuta na adapta vitaendelea kukaa sebuleni.