Besi za sabuni za kuyeyusha: uzoefu wangu na aina tatu hapa Kisumu

Ukiwa unaishi karibu na ziwa, nunua besi nyeupe kwanza. Ile angavu, unayoweza kuona upande wa pili, ndiyo inayovutia macho kwenye picha za wauzaji, lakini ndiyo pia inayotoa jasho kuliko zote. Nimetumia aina tatu zinazouzwa kwa kilo Nairobi na kufika huku kwa basi kama kifurushi: angavu, nyeupe, na nyeupe yenye siagi ya shea. Angavu naipa nyota tatu kati ya tano, nyeupe nne na nusu, ya shea nne. Natoa vipimo pia, maana malalamiko mengi ninayosikia kuhusu besi hizi yanatokana na moto na vitu vilivyoongezwa, besi yenyewe haina kosa.

Kwa asiyeijua: besi ni sabuni iliyokwisha kutengenezwa. Mafuta ya mawese au ya nazi yameshachanganywa na kostiki soda kiwandani, kazi hiyo ikaisha, kisha vikaongezwa vitu kama gliserini, sobitoli na propileni glaikoli ili donge liweze kuyeyuka na kuganda tena. Hakuna kushika kostiki, hakuna kusubiri wiki 4 hadi 6 sabuni ikomae. Unayeyusha, unatia rangi na harufu, unamimina, kesho yake unaogea. Ila soma orodha ya viungo kabla ya kulipa. Ikiwa na salfeti (SLS au SLES), povu litakuwa jingi, lakini mwenye ngozi kavu atahisi inamkaza. Isipokuwa nayo, povu ni la wastani na zito. Maji ya bomba ya Kisumu, ambayo mengi hutoka ziwani, ni laini, kwa hiyo hata besi isiyo na salfeti hutoa povu la kuridhisha bila kuacha utando kwenye beseni.

Sasa hilo jasho. Gliserini huvuta unyevu kutoka hewani. Ukiacha kipande wazi, matone madogo hujitokeza juu yake, na anayeiona mara ya kwanza hudhani imeharibika. Haijaharibika, ukiogea hutaona tofauti, lakini mtu aliyepewa zawadi ya sabuni iliyolowa hataki maelezo. Nakuru, iliyo juu ya mita 1,800, kipande hukaa mezani kikiwa kikavu, hasa Januari na Februari. Kisumu, mita 1,130 hivi na kando ya maji, msimu wa masika wa Machi hadi Mei huanza kumetameta siku hiyohiyo. Kakamega na mvua zake za alasiri nako ni vivyo hivyo. Angavu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu kila tone linaonekana. Nyeupe hutoa jasho pia, lakini kwa kiasi nilichoona ni kidogo, na ukiipangusa kwa kitambaa kikavu inarudi kuwa nzuri. Wapo wauzaji wenye besi zilizoandikwa kuwa ni za jasho kidogo. Ukizipata, ongeza pesa ununue.

Jambo moja linaloharibu sabuni nyingi huku ni friji. Watu huingiza kalibu kwenye friza ili sabuni igande haraka. Inaganda kweli, lakini ikitolewa kwenye hewa ya nyuzi 30, unyevu wote wa chumba hutua juu yake. Iache igande mezani, mbele ya feni ukitaka. Kipande cha gramu 100 huchukua saa 2 hadi 3 mchana wa Kisumu, na donge la kilo nzima liache usiku kucha kabla ya kulikata.

Kuyeyusha ndiko kwenye kazi yote. Utahitaji mizani ya jikoni ya gramu, kipimajoto, bakuli la chuma kisichoshika kutu, na sufuria kubwa ya kulikalisha. Kata besi vipande vya sentimita 2 hadi 3 vinavyolingana. Vikipishana ukubwa, vidogo vitakuwa vimechemka wakati vikubwa bado vigumu katikati. Weka maji ya kina cha sentimita 3 kwenye sufuria, kalisha bakuli juu yake, funika kwa sahani ili maji ya besi yasipotee na mvuke, na uwashe gesi moto mdogo. Gramu 500 huchukua dakika 10 hadi 15. Besi nyingi huanza kulegea kwenye nyuzi 55 na kuwa majimaji kabisa kwenye 60 au 65. Usipite 70.

Hapa wengi hukosea kwa kuamini kwamba maji ya moto hayawezi kuiunguza. Maji ya Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ukiacha sufuria ichemke kwa nguvu, besi itapita 80 huku wewe ukitafuta kijiko. Dalili ni hizi: inakuwa ya manjano, inatoa harufu ya mafuta yaliyoungua, utando mzito unajikunja juu, na ikiganda inakuwa ya kunepa kama mpira, yenye povu dogo. Dawa ni kuzima gesi wakati robo ya vipande bado haijayeyuka, kisha kukoroga polepole na kuacha joto lililopo limalizie. Anayetumia jiko la makaa afunike makaa kwa jivu kabla ya kuweka sufuria, kwa kuwa makaa hayana kifungo cha kupunguza. Mwenye maikrowevu aanze na sekunde 30, akoroge, kisha aongeze sekunde 10 au 15 kila mara.

Koroga kwa mwiko, usipige kama unayepiga mayai. Hewa ikiingia, itapanda juu na kuwa vipovu vinavyogandia pale pale. Vichache vitakavyotokea baada ya kumimina vinaondolewa kwa kunyunyiza spiriti ya duka la dawa: mnyunyizo mmoja tu, vinapasuka. Spiriti hushika moto haraka sana. Gesi iwe imezimwa na makaa yawe mbali kabla hujaishika chupa. Na besi ya moto ikikumwagikia mkononi hunata, haitiririki kama maji, kwa hiyo watoto wakae mbali na jikoni.

Harufu hutiwa ikiwa nyuzi 55 hadi 60, mara tu kabla ya kumimina, ili isiruke na mvuke. Pima kwa gramu. Hesabu ya matone haina maana, maana tone la chupa moja si tone la nyingine. Kwa gramu 500 za besi, gramu 10 za manukato ya sabuni ni asilimia 2, na hiyo inatosha kabisa. Mafuta asilia ya mimea ninayaweka asilimia 1, yaani gramu 5. Ukizidisha asilimia 3, mafuta yatajitenga na kutokea juu kama jasho la aina nyingine, safari hii lenye kunata, na povu litapungua. Manukato ya kujipaka mwilini usiyatumie, kwa sababu mengi ni alkoholi, nayo huruka na kuacha karibu hakuna kitu. Ya mishumaa pia waachie wenye mishumaa, isipokuwa muuzaji aonyeshe karatasi ya IFRA, shirika la kimataifa la manukato, yenye kiwango cha kundi la 9, ambalo ndilo la sabuni na vitu vya kuosha na maji. Manukato yenye vanila yatageuza sabuni nyeupe kuwa ya kahawia ndani ya siku au wiki chache, na hakuna cha kufanya baada ya hapo. Uliza kama yana vanilini kabla ya kununua, au yatie kwenye sabuni uliyokusudia iwe ya kahawia.

Harufu ninayoipenda zaidi kutoka upande huu ni mafuta ya mwonyi, mmea wa jamii ya mrehani unaolimwa pembezoni mwa msitu wa Kakamega. Yana kafuri nyingi, yanafungua pua bafuni. Nusu asilimia inatosha, na sabuni hiyo isitumiwe kwa watoto wachanga na wadogo chini ya miaka miwili, kwa sababu ya kafuri hiyohiyo.

Kwa rangi, maika ya unga, yaani unga wa madini unaometa, haina mpinzani. Kijiko cha chai nusu kwa gramu 500, ikorogwe kwanza kwenye spiriti kidogo au gliserini mpaka isiwe na madonge, ndipo iingie. Kwenye besi nyeupe kila rangi itatoka hafifu, nyekundu itakuwa waridi, na hilo si kosa la maika. Rangi za chakula zinapatikana kila duka na ni rahisi, lakini hufifia kwa mwanga, na kwenye sabuni ya tabaka mbili hutembea: baada ya wiki kadhaa mstari uliokuwa safi unakuwa ukungu. Manjano ya jikoni, robo ya kijiko cha chai, hutoa rangi nzuri ya dhahabu. Zaidi ya hapo itatia doa taulo. Mkaa wa kutunzia ngozi, kijiko kimoja cha chai. Mkaa wa jikoni hata ukisagwa vipi utakwaruza.

Vitu vya kuongeza ndivyo vinavyoniudhi, kwa jinsi vinavyosifiwa. Besi imekwisha kupimwa kiwandani, haina nafasi kubwa ya wageni. Kwa gramu 500, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ya shea ndicho kikomo, na ile besi ya shea usiiongeze kitu chochote cha mafuta. Asali nayo kijiko kimoja. Ikizidi, sabuni inanata na jasho linaongezeka maradufu. Aloe vera mbichi kutoka uani, papai, parachichi, maziwa ya pakiti: vyote vitaoza ndani ya sabuni na kuota ukungu, kwa sababu hapa hakuna kostiki mbichi ya kuvibadilisha na moto wa nyuzi 60 hauui kila kitu. Tumia maziwa ya unga, kijiko kimoja kilicholainishwa kwa gliserini. Chai ya Kericho iliyochemshwa na kutiwa kama maji huacha sabuni laini inayopungua na kupinda inapokauka.

Na limau. Wapo wanaokamulia limau au siki ili sabuni itakatishe uso. Sabuni ni ya upande wa alkali, pH yake iko kati ya 9 na 10 hivi, nayo asidi huivunja iwe asidi za mafuta. Utaona mchanganyiko unafanya ukungu, unapata chembe, na ukiganda unateleza bila povu. Hakuna kuirekebisha.

Oti zilizosagwa zinakubalika, kijiko cha chakula kimoja, lakini zitazama zote chini ukizitia ikiwa ya moto. Subiri mpaka nyuzi 50, besi ikiwa nzito kidogo, koroga mfululizo kisha mimina. Maua yaliyokaushwa ndani ya besi angavu hupendeza kwa muda mfupi, halafu hugeuka kahawia na kuonekana kama majani ya chai.

Tabaka zinataka uangalifu wa joto tu. La kwanza liwe limeshika utando juu, bado lina uvuguvugu, na ukiligusa kwa kidole halibonyei. Linyunyizie spiriti, kisha mimina la pili likiwa nyuzi 50 hivi. Likiwa la moto zaidi litatoboa la chini, na ukichelewa mpaka la kwanza liwe baridi kabisa tabaka zitaachana mkononi bafuni. Nakuru usiku kuna baridi, huko huna muda mwingi kati ya tabaka moja na jingine.

Kalibu za silikoni ni bora, lakini vikombe vya yogati vilivyooshwa vinafanya kazi pia. Kujua kalibu inachukua kiasi gani, ijaze maji, yapime kwa mizani, kisha ikaushe kabisa. Mililita 100 za maji ni karibu gramu 100 za besi, ongeza kidogo kwa kile kinachobaki kwenye bakuli.

Ikishatoka kwenye kalibu, funga mara moja kwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, ivutwe ishike kipande bila hewa. Karatasi peke yake Kisumu haifui dafu, inalowa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo usiifikirie kama kifungashio. Mkebe wenye kifuniko kinachobana unafaa kwa akiba ya nyumbani. Bafuni weka kisahani chenye matundu, kwa kuwa besi hizi huyeyuka haraka kuliko sabuni ya kipande zikikaa kwenye maji. Anayetaka kuuza madukani atahitaji alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), na hesabu yake ianzie kwenye gharama ya gramu 100 pamoja na nauli ya kifurushi, kwa maana kilo moja ni vipande 10 tu.

Mabaki yanayeyushwa tena, ila kila mara yanapoteza maji. Kijiko cha chai cha maji safi kwa gramu 500 hurudisha ulaini mara ya kwanza. Mara ya tatu besi huwa nzito, inamiminika kwa mafungu. Hiyo ikate vipande vidogo vya rangi, uvitumbukize ndani ya besi mpya iliyopoa hadi nyuzi 50 ili visiyeyuke, hasa kama bado una ile angavu uliyoinunua kwa sababu ya picha.